Boga Aliloingia Lefse kwa Hiari Yake

418 Mtaa wa Tamarack,
Nordvik, Minnesota.

Jumapili, 3 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Solveig,

Pokea salamu nyingi za nyumbani, ambako theluji imefika mapema mno na kukuta nusu ya majani bado yamo mitini. Natumaini wewe, shemeji Wiremu na watoto mu wazima, na kwamba kile kikohozi cha Nikau kimemwachia. Huko kwenu New Zealand nadhani ndiyo kwanza maua yanafunguka. Mimi sijambo, mgongo unalalamika lakini haujanishinda. Mama naye hajambo. Nasema hajambo nikimaanisha neno lenyewe, si kama tulivyokuwa tukikujibu tangu Aprili ili usipande ndege kwa hofu.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno. Wewe unaanza, mimi naingilia, unakasirika, picha inaganda, na Mama amekaa katikati yetu anatazama dirishani. Barua haiingiliwi. Utanisoma hadi mwisho, kisha unitukane ukipenda.

Jambo lenyewe ni simbilisi, Lefse na Krumme wa Mama. Ndiyo, tena. Nakumbuka ulivyoniambia mwezi wa tisa: "Dada Berit, dunia ina vita na njaa, wewe unapigania panya wa Mama wasivalishwe kofia?" Kwanza, si panya, hawana hata mkia. Pili, hasira niliyo nayo inatosha vita, njaa na kofia, na bado inabaki ya akiba.

Ulidhani makala yangu ya gazetini niliiandika kwa sababu niliamka vibaya. Hapana. Tangu uhamie huko, maktaba yetu imeanza kufanya mashindano ya wanyama waliovishwa kwa ajili ya Halowini. Mbwa wana meza yao. Paka hawaletwi, maana wenye paka wanapenda ngozi zao. Simbilisi wanapangwa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, mmoja kavaa mabawa ya popo, mwingine kofia ya mchawi, mwingine kafanywa mkate wenye soseji. Mwamuzi ni Bwana Harlan Quist, yule yule mwalimu mkuu aliyetufundisha kupanga foleni. Anapita na miwani yake puani, na utepe wa bluu anampa yule "aliyetulia vizuri kuliko wote."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Simbilisi mwenye raha hatulii, Solveig. Ananusa, ananung'unika, anapiga miluzi friji likifunguliwa, na akifurahi sana anaruka juu kama bisi kwenye sufuria. Anayekaa tuli kama kinyago, macho yamemtoka, ni yule anayeamini kuwa mwewe yuko juu yake na kwamba akitikisika ameliwa. Daktari yeyote wa mifugo atakuambia hivyo. Kwa hiyo kila mwaka mji mzima, wenye watu wema wanaopelekeana supu wakiugua, unamtafuta mnyama mwenye hofu kuliko wenzake, unampa utepe, na unampiga picha. Niliyaandika hayo na sifuti hata nukta.

Mji ulinijibu, usidhani ulikaa kimya. Verlyn wa duka la vifaa alinipigia kelele mbele ya wateja: "Berit! Nasikia simbilisi wamepata wakili. Wanakulipa kwa karoti?" Nikamwambia karoti ni malipo ya awali tu, nadai na giligilani.

Lakini wewe hukunikasirikia kwa sababu ya mji. Ulinikasirikia kwa sababu ya mkono wa Mama, na katika hilo ulikuwa na haki zaidi kuliko nilivyokubali.

Mkono ule wa kushoto ulishona magauni ya nusu ya maharusi wa wilaya hii. Baada ya kiharusi cha Aprili ukawa unalala pajani kama glavu iliyosahaulika. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia atafute kazi ndogo ndogo, na Mama akakataa kila kitu tulichomletea: udongo wa kufinyanga, karata, shanga. "Mimi si mtoto wa chekechea," alisema, na kulisema hilo kulimchukua muda mrefu. Kisha siku moja kwenye simu binti yako Mereana akamwomba: "Bibi, mshonee Lefse nguo ya nyuki." Mama akafungua cherehani siku hiyo hiyo. Nilimwona ameshika uzi kwa mkono ule, unamponyoka, anauokota, unamponyoka, anauokota, nikaenda bafuni kulia nikiwa nimefungulia maji asinisikie.

Kwa hiyo gazetini nilipiga kelele na nyumbani nikanyamaza. Nani angethubutu kumwambia aache?

Aliyesema ni Lefse mwenyewe. Nguo ilipokamilika, mwanzoni mwa Oktoba, Mama alimvisha, mimi nikapiga picha, nawe ukaibandika kwenye friji lako. Uliandika: "Ametulia kama malaika." Kesho yake asubuhi Krumme alikuwa anatafuna nyasi peke yake. Lefse alijikunja pembeni na hakugusa chochote, hata giligilani. Simbilisi asiyekula tumbo lake husimama, na tumbo likisimama siku mbili hivi ndiyo basi. Daktari alitupa unga wa nyasi wa kukoroga na bomba la sindano lisilo na sindano. Mama alimshika ndani ya taulo, mimi nikamsukumia uji mdomoni tone kwa tone, na yeye anautema kifuani pa Mama. Tuliendelea hivyo hadi nilipofungua friji kutafuta maziwa ya kahawa yangu, na nyuma yangu nikasikia mluzi, mwembamba, wa kudai haki. Mama aliinamisha uso kwenye taulo na hakuuinua kwa muda.

Hatukukuambia. Mama alikataza, asije Mereana akadhani ni kosa lake. Sasa unajua wewe, naye asijue.

Hapo nilikuwa nimeshinda mabishano, sivyo? Ningekupigia nikakwambia: unaona? Lakini siku ile ile Mama alifunika cherehani. "Kipeleke kanisani," akasema. "Wauze."

"Mama, si lazima uache kushona. Shona mapazia. Shona—"

"Nimemaliza, Berit."

Akauchukua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka pajani, akageukia dirisha. Akakaa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Mchungaji alikuja, akanywa kahawa, akaniambia mlangoni kwa sauti ya kufariji, "Mama yako ametulia sana siku hizi."

Neno lile lilinipiga kofi. Nimeliandikia makala nzima, nimegombana na mji kwa ajili yake, na nyumbani kwangu mwenyewe sikulitambua. Mwezi mzima mimi na wewe tumepigana juu ya kichwa chake. Wewe: mwache Mama avalishe, inamfaa. Mimi: asivalishe, ni ukatili. Na yeye amekaa kati yetu kimya, na sote wawili tunaambiana kwamba hana neno.

Cherehani sikukipeleka kanisani. Nilimdanganya kwamba lazima kwanza tupange makasha ya chumba cha chini, nikayapandisha jikoni moja moja, nikimwomba Mungu yasiishe upesi. Katika kasha la tatu au la nne nikakuta boga lako, lile vazi la Halowini.

Unalikumbuka? Watoto wote wa Nordvik walitoka usiku wa Halowini wamevaa kama mabinti wa kifalme na maharamia, na wote walionekana makoti tu, maana baridi hapa haina mchezo na mama zao waliwavika koti juu ya vazi. Sisi pekee tulionekana tulivyo, kwa sababu Mama alishona mavazi mapana kama mahema ili jaketi la theluji, suruali ya theluji na mtoto vyote viingie ndani. Wewe ulitembea ndani ya boga lile kama mtu aliyehamia nyumba. Mwaka mmoja ulichoka, ukakaa chini humo humo, ukavuta kichwa ndani, na majirani wakapita wakiuliza nani kasahau boga barabarani.

Nililitandaza sakafuni nilipanguse vumbi. Simbilisi walikuwa wamefunguliwa wanazurura jikoni. Lefse, ambaye tangu mkasa wa nyuki alikuwa akikimbia kila akiona kiganja cha mtu, alilizunguka boga akilinusa, akasimama kwenye tundu la mkono, akaingia. Krumme akamfuata. Kitambaa kikawa kinatembea huku na huku, na humo ndani tukasikia ule mngurumo wao mdogo, kama sufuria inayochemkia mbali. Kisha pua ya Lefse ikatokeza kwenye tundu la shingo, pale ulipokuwa unatoa uso wako kuomba peremende.

Mama alicheka. Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu Aprili. Kisha akaanza kusema kitu, na mara hii, mdogo wangu, nilifunga mdomo nikangoja.

"Hakuna... aliyemshika," alisema. "Ameingia... mwenyewe." Akanyoosha mkono, ule wa kushoto. "Nipe mkasi."

Naam, tumelikata boga lako, akalishona upya dogo la kumtosha Lefse. Usinililie, hukuliulizia miaka thelathini.

Natamani ungemwona akifanya kazi. Maisha yake yote amewaambia maharusi, "Simama wima, usipumue." Sasa alikaa kwenye kigoda jikoni, anamngoja mteja apite. Hakumgusa Lefse kumpima, hata mara moja. Aliweka kitambaa sakafuni, akatazama mgongo wake unapogusa, akatia alama ya chaki akishaondoka. Mgongo ukigusa sana, anafumua. Akafanya milango miwili, ili asiyetaka kuonana na mwenzake apate pa kutokea. Chini hakuweka sakafu. Juu akaweka kikonyo cha kijani. Mshono wa kwanza ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Aliufumua, akashona tena, akaufumua, akashona tena. Mimi nilitaka kudarizi maneno machache makali ubavuni, ujumbe kwa maktaba.

"Boga... haliongei," akasema Mama, nikarudisha uzi mahali pake.

Tukaenda kwenye mashindano Jumamosi ya kabla ya Halowini. Ukumbi wa maktaba ulijaa, kahawa, biskuti, watoto wamevaa makoti juu ya mavazi kama kawaida ya hapa. Mimi nilivaa sweta langu jekundu la kugombania. Tukaweka boga mezani, na Lefse akaingia humo haraka kukwepa kelele zote hizo. Bwana Quist akafika, akainama, akachungulia.

"Bibi Oftedahl, kazi nzuri sana," alimwambia Mama, kwa sauti kubwa, kama vile kiharusi kilimziba masikio. "Lakini hii ni nyumba. Kanuni inasema mnyama awe amevaa vazi."

Nilikuwa na hotuba tayari. Niliiandaa wiki nzima, ilikuwa na sehemu tatu, na ya pili ingemtoa jasho. Nikavuta pumzi. Mama akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wangu.

"We nyamaza," akaniambia.

Kisha akamgeukia Quist. Ilichukua muda, Solveig. Mara mbili yule bwana alijaribu kumsaidia kumalizia sentensi, na mara mbili Mama alimtazama tu, akaanza upya toka mwanzo, hadi ukumbi wote ukawa umegeuka.

"Harlan," alisema. "Mkeo... nilimshonea gauni. Lilikuwa pana... hakupita mlangoni... mwa kanisa. Alilivaa... au alikuwa anakaa humo?"

Watu walipasuka kwa kicheko. Mke wa Quist, aliyekuwa kwenye meza ya biskuti, alicheka kuliko wote. "Nilikaa humo, Marlys!" akapaza sauti. "Na kodi sikulipa!"

"Basi ngoja," Mama akasema. "Utaona... akitembea."

Nikaweka shada la giligilani mwisho wa meza. Hakuna kilichotokea. Boga limekaa. Pembeni mwake simbilisi wengine wamekaa tuli, popo, mchawi, mkate wa soseji, kila mmoja kaganda kama alivyowekwa. Nilitaka kulisukuma kidogo kwa kidole. Nilitaka kusema neno. Mama hakutoa mkono wake kwenye mkono wangu, na nikahisi kuwa amenishika, amenibana kabisa, kwa vidole ambavyo mwezi wa tano havikuweza kushika kijiko.

Boga likatikisika. Likaenda hatua moja, likasimama, likafikiri. Kisha likaondoka mbio juu ya meza, kikonyo kinayumba, watoto wanapiga mayowe. Lilipofika mwisho pua ikatokeza, giligilani likavutwa ndani, na boga likageuka na kurudi lilikotoka likitafuna. Hata Quist alivua miwani akafuta macho.

Utepe wa bluu alimpa mchawi.

"Kanuni ni kanuni, Bibi Oftedahl," alisema, akiwa bado na machozi ya kicheko. Nami nikainuka. Sweta langu jekundu liliinuka pamoja nami. Sehemu ya pili ya hotuba ilikuwa tayari mdomoni.

"Mwache," Mama akasema. "Ataingia... mwenyewe."

Nikakaa. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa nikiwa na haki. Na nikiwa nimekaa nikamwona Annika, yule binti mdogo wa akina Dahlgren, ambaye simbilisi wake ndiye aliyekuwa mchawi. Alikuwa na utepe wake mkononi, anamtazama mnyama wake, kisha anatazama boga, kisha mnyama wake. Akafungua kamba chini ya kidevu cha mnyama, akatoa kofia, akaivaa mwenyewe. Simbilisi wake akajikung'uta mwili mzima. Annika akaja kwa Mama, hakuja kwangu, akauliza kama boga lina nafasi ya mgeni.

Tangu siku hiyo cherehani hakijafunikwa. Watoto wanakuja baada ya shule na vipande vya vitambaa. Mama anawakalisha chini na kuwafundisha kungoja mteja apite. Mmoja anataka meli, mwingine anataka kiatu. Wakimmalizia sentensi anaanza upya, na sasa wameacha.

Usifikiri nimelainika. Nimekwisha kuiandikia bodi ya maktaba: utepe usipewe tena mnyama kwa kutulia, na asivalishwe chochote asichoweza kujivua mwenyewe. Wanakutana Januari, nitakuwapo. Wakiahirisha hadi Februari nitakuwapo. Mama anasema nisubiri waingie wenyewe. Sawa, nitasubiri, lakini nitasubiri nimesimama mlangoni pao, na sweta ni lile lile.

Na wewe nina mawili ya kukudai. La kwanza, bandua ile picha ya nyuki kwenye friji lako. Nimekuwekea nyingine humu: boga lipo mezani, na ukitazama vizuri utaona masharubu kwenye tundu. Mereana atasema Lefse haonekani. Mwambie haonekani kwa sababu hakutaka, na ndiyo uzuri wa picha.

La pili ndilo kubwa. Ukipiga simu usiniulize mimi Mama anaendeleaje naye yuko pale pale. Muulize yeye. Atachelewa. Utaona ametulia, utataka kuruka uendelee na habari nyingine. Usiruke. Mimi ukipiga nitatoka nje nikazoe theluji, maana nikibaki chumbani nitamjibia, najijua.

Shangazi Ardis anakusalimu sana, anasema umemsahau. Binamu Leif anakusalimu na anaomba yale maneno ya kuchekesha ya Wiremu umtumie tena, amesahau mwisho wake. Msalimie shemeji, uwabusu Mereana na Nikau. Mungu awafunike nyote kwa kitu kipana, chenye joto, na chenye milango miwili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katikati ya ugomvi,

Berit

Mama ameniona ninatia sahihi, ameomba kalamu. Sijui anataka kuandika nini na sichungulii. Nakwenda kuchukua koleo la theluji.

*Solveig. Berit kaandika mengi. Yangu nitasema mwenyewe. Piga Jumapili. Uwe na nafasi. Mama.*